Makabidhiano ya Njia Namba Nne

Marisol, funguo za gari hizi hapa, na orodha ya masanduku:
mia moja themanini na mawili, kilomita tisini za changarawe.
Mbwa wa Krehbiel anabweka tu. Wa jirani yake habweki.
Hayo posta watakwambia.
Nitakayokwambia mimi hayamo kwenye fomu.

Miaka ishirini na sita nimegawa barua Kansas hii,
mkono wa kulia dirishani, jicho la kushoto mtaroni,
nikijifunza maji yanakolala.

Wanamwita samakijua, na jua lenyewe halitaki.
Mtafute maji yanapong'aa, urudi mikono mitupu
kama shemeji yangu Lyle, mwenye boti na mashine ya kuona chini,
aliyezunguka bwawa kubwa tangu alfajiri
akaniletea picha ya matope.
Huyu wa kijani ni samaki wa mvunguni,
na mtaka cha mvunguni unajua afanyeje:
nimechakaza magoti ya suruali tatu za serikali.

Anza na kalavati lililo baada ya sanduku la Ottis Fenimore,
lile lenye kibendera kilichovunjika.
Upande wa kutokea maji, si wa kuingilia.
Mafuriko yamechimba hapo shimo la kimo cha mtoto,
na bomba linatupa kivuli cheusi kama kaniki.
Dondosha panzi ukingoni mwa kivuli.
Usirushe. Dondosha.
Hesabu mbili. Tatu hutaifikia.

Ana kinywa kikubwa kuliko adabu yake,
mashavu yana mistari ya samawati
kama ukuta wa nyumba yenye mtoto anayejifunza kuandika,
mapezi yametiwa pindo la manjano.
Hujaa kiganja, basi. Lakini huvuta
kama anadai deni.

Usidharau maji machafu. Agosti, kijito kikikatika vipande
na kila kipande kikawa rangi ya chai ya jana,
wengine hufa. Yeye hubaki, anapumua kidogo kidogo,
kama mtu anayebana matumizi hadi mwisho wa mwezi.
Tazama penye mizizi iliyovuliwa udongo.
Penye zege lililomeguka chini ya daraja la zamani.
Penye tairi la trekta: ndani ya tairi, Marisol, ndani kabisa.
Na kule wahandisi walikomwaga mawe
ili mto usiile barabara, kila pengo lina mwenyewe.

Juni utaona visahani vyeupe kwenye changarawe, maji ya magotini,
na dume juu yake, anafukuza hata jani.
Hapo pita. Ndoana ataiuma, kwa hasira tu,
ila ukimtoa dakika moja
wezi wa mayai wameshafika.

Kuna mahali pamoja sikupanga kukutajia.

Sanduku la mwisho, kwa Nadine Unruh.
Barua zake zilikoma Machi. Sanduku halijang'olewa,
nami sijaacha kusimama.
Nyuma ya zizi birika la ng'ombe limepasuka,
maji yanajaza kidimbwi kisichozidi meza mbili.
Hakuna kijito kinachofika pale. Nilimuuliza: nani kawaleta?
Akasema, ndoo.
Mwaka wa ukame mkubwa, mumewe Wendell
aliwachota watatu kwenye dimbwi lililokuwa linakauka,
akawabeba maili nzima, ndoo ikivuja,
akifika nyumbani wanalala ubavu.
Sasa hawahesabiki.

Hapo usivue.
Fika saa kumi, piga honi fupi, mara moja.
Watakuja juu wote, juani kweupe,
vinywa wazi, kama jina lao linavyodai.
Mkate umo kwenye droo, chini ya stempu.
Posta wakikuuliza,
sema ni chambo.